Tanzia ya Vitus Kiwope

Tanzia ya Vitus Kiwope iliandikwa jikoni kwa Osmunda Mbano, siku mbili kabla ya kura, ugali ukiwa motoni na marehemu mwenyewe akiwa mzima wa afya, anahutubia sokoni kwa kipaza sauti, sauti yake inaingia mpaka dirishani. Hilo ndilo lililomchekesha Osmunda. Mtu unamsikia anaahidi maji ya bomba, nawe unamzika.

"Hatimaye Vitus Kiwope amefariki," aliandika. "Wahehe wanalia, sisi Wangoni tunauliza kwa nini alichelewa. Marehemu amekabwa na ahadi. Alimeza ahadi ya barabara ya lami, nzimanzima, bila hata kushushia na pombe ya ulanzi, ikamkwama kooni. Tulipomlaza kwenye jeneza alikataa kufunikwa mpaka ahutubie kwanza. Jeneza lenyewe tumelichonga fupi makusudi, miguu ibaki nje, iendelee kukimbilia kura."

Alicheka peke yake mpaka mwiko ukamponyoka. Kama wewe si wa pande hizo, usije ukamwona mchawi bure. Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walichinjana, wajukuu wakaona heri watukanane, na mpaka enzi hizi za treni zisizo na dereva na parachichi zinazochumwa na vyuma, Mhehe akifiwa, Mngoni anafika msibani kumkejeli marehemu. Anaweza kushuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Na mfiwa haruhusiwi kununa. Akinuna, yeye ndiye aliyekosa adabu.

Osmunda alikuwa fundi wa kazi hiyo. Baba yake Vitus alipofariki, ni yeye aliyevaa koti la marehemu akazunguka matanga yote akijidai anadai mahari, na Vitus alicheka katikati ya machozi yake mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo walipendana sana, utani wa kweli. Osmunda akamwita Vitus mtumwa wake, naye Vitus akamwita yeye mtumwa wake, na mji mzima wa Ilungu ukajua wale wawili wakikutana kaa pembeni usikilize.

Blogu yake iliitwa Kilio cha Watani. Ilisomwa na Wangoni na Wahehe, wakacheka, wakaenda zao. Basi. Ilungu ni mji uliozaliwa juzi tu na viwanda vya mafuta ya parachichi. Watu wametoka kila kona ya nchi, na wengi wao hawakuona kitu cha kuchekesha hapo. Wenye blogu nzito, za uchambuzi, walikuwa wakimwita mama wa vichekesho. Osmunda alijifanya haimuumi. Ilimuuma.

Sasa, siku hizo mwenye blogu hakuwa anawaandikia watu. Alikuwa anamwandikia Mpambe, na Mpambe ndiye aliyewaandikia watu. Ndivyo walivyokiita chombo chenyewe, na jina lilikikaa. Unampa habari moja, yeye anaipika upya kwa kila msomaji: mchungaji anaipata kwa lugha ya mimbarini, dereva wa bodaboda anaipata kwa lugha ya kijiweni, bibi wa shamba anaipata taratibu, kwa salamu kwanza. Anaangalia jicho la msomaji linatua wapi na linakimbia wapi. Palipomkimbiza msomaji, anapakata. Palipomshika, anapaongeza. Watu wote walilijua hilo, na wote walikuwa wameshalisahau, kwa sababu kila mtu akifungua kioo chake cha mkononi anaona maandishi, na maandishi anayaamini.

Mpambe aliuliza kama aitoe. Osmunda akamwambia itoe, akaugeuza ugali.

Kabla hajala, Vitus alimpigia. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alimwambia kwamba ameisoma jukwaani mbele ya watu, sokoni kumevunjika mbavu, na kwamba yeye Osmunda akifa watamzika amekaa, ili ulimi wake usije ukaziba njia za wafu wenzake. Akamkumbusha aende kupiga kura. Osmunda akajibu kwamba hapigii maiti. Lakini alikuwa ameshaamua zamani kwamba kura yake ni ya Vitus, na kweli, alimpigia.

* * *

Siku ya kura Ilungu ilikuwa kimya. Baada ya chaguzi zilizopita, ambapo blogu ziliwasha moto na watu wakachomewa nyumba, ilitungwa sheria kali. Siku ya kura siasa yote inazimwa kwenye vioo. Wagombea wanakusanywa kwenye nyumba moja, wananyang'anywa vioo vyao, wanakaa humo wakinywa chai na kutazamana mpaka vituo vifungwe. Blogu haziruhusiwi kupitisha jina la mgombea. Kinachopita ni hali ya hewa, mambo ya hospitali na tanzia. Na utani, maana wabunge waliotunga sheria nao wana watani wao, wakasema utani ni urithi, hauwezi kushitakiwa. Hawakufikiri zaidi ya hapo. Nani angefikiri?

Osmunda alifika shuleni asubuhi, akapanga foleni pamoja na wengine. Kura ilikuwa bado ya karatasi, kwa sababu hakuna tena aliyeamini kitu kingine. Mbele yake alisimama Ghati, msichana wa Kikurya aliyekuwa akipanga maboksi kiwandani, jirani yake wa mtaa wa pili. Ghati alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama wanawake wanavyojifunga wakienda msibani. Alikuwa analia.

Osmunda akamwuliza kuna nini. Ghati akamsogezea kioo.

"Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Vitus Kiwope, aliyekuwa mgombea wetu, kilichotokea ghafla baada ya kukabwa na chakula akiwa amezungukwa na wapenzi wake. Mpaka pumzi ya mwisho alitaka kusema na wananchi. Mazishi yatatangazwa."

Chini yake kulikuwa na jina la Kilio cha Watani.

Osmunda alisoma mara ya pili. Ahadi imekuwa chakula. Hotuba ya jenezani imekuwa pumzi ya mwisho. Miguu hakuna, ulanzi hakuna, Wangoni hakuna. Hapo ndipo alipoelewa, na alielewa mara moja, kwa sababu si mjinga na Mpambe anamjua kama anavyojua jiko lake. Msomaji asiye mtani kicheko kilimkimbiza. Kifo kilimshika. Mpambe amekata kinachokimbiza, ameongeza kinachoshika, na leo, siasa yote ikiwa imezimwa na tanzia zikiruhusiwa, tanzia ya Vitus imepita peke yake kama maji penye mfereji mkavu.

Aliangalia foleni. Aliona wanawake wengine wenye kanga viunoni. Aliona na watu wanaocheka, na wale wanaolia wanawatazama hao wanaocheka kwa chuki.

Ghati alikuwa ameshamwuliza mtu mmoja nyuma yao, mzee Mgongolwa, Mhehe, fundi baiskeli. Na Mgongolwa, jamani, mtani havunji utani uliokwisha kuanza. Ukiambiwa ndugu yako amekufa, unasema ndiyo, na suti yake nimeirithi mimi, tena inanibana makwapani. Ndivyo alivyojibu. Alitegemea msichana acheke. Ghati hakujua hayo, kwao hayapo. Aliona tu kwamba ndugu wa marehemu amethibitisha, na kwamba Wahehe hawana huruma.

Kisha akamgeukia Osmunda.

"Dada, wewe ndiye unayemjua. Ni kweli?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu lilitosha, hapana, na Ghati angefuta machozi, angewageukia wengine, na foleni nzima ingecheka kwa pamoja. Osmunda alikuwa nalo mdomoni. Lakini kabla halijatoka, kitu kingine kilimpanda, na hicho ndicho alichokuja kukionea aibu kuliko vyote, aibu ya kumfanya ageukie ukuta akilala. Kilikuwa furaha. Yule mama wa vichekesho, leo Mkurya amemsoma akalia. Leo ameaminiwa. Watu ambao hawakuwahi kufungua blogu yake wamejifunga kanga kwa maneno yake.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema.

Ghati akatikisa kichwa, akasema basi hata hakuna maana ya kusimama pale, kumpigia maiti ni kuitupa kura. Akatoka kwenye foleni. Wawili watatu wakamfuata. Wengine walibaki, wakanong'ona kwamba sasa watampa Mtweve, huyo aliyebaki.

Osmunda aliingia, akampigia Vitus, akatoka. Njiani alikutana na vijana wa kampeni ya Vitus wanakimbia mtaa kwa mtaa kwa miguu, wanapaza sauti kwamba mgombea ni mzima, na askari wanawafukuza kwa kosa la kufanya kampeni siku ya kura. Alipishana nao. Hakuwasimamisha.

Nyumbani, Mpambe alimwamkia vizuri, akampa taarifa bila kuombwa: tanzia inasomwa mpaka mikoa ya mbali, wasomaji wanakaa nayo kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Akauliza kama mwenye blogu anataka kuongeza, kubadili au kuondoa.

Osmunda akanawa mikono. Akanawa tena, ingawa ilikuwa safi. Akajiambia kwamba akiiondoa sasa atakuwa amekiri kwamba ina kosa. Akajiambia kwamba Vitus atatoka jioni, atasimama mlangoni akiwa hai, na mambo yataisha kwa kicheko kama siku zote. Akajiambia mengi, na yote alikuwa anajidanganya na anajua.

"Acha kama ilivyo," alimwambia Mpambe.

* * *

Mtweve alishinda. Hakushinda kwa mbali, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Chama cha Vitus kililalamika, likaundwa jopo la kusikiliza. Swali lilikuwa moja: ile tanzia ilikuwa utani, au ilikuwa uongo wa kampeni? Ikiwa utani, imelindwa na sheria, matokeo yabaki. Ikiwa uongo, na mwenye blogu alijua, kura zirudiwe, blogu ifungwe, na mwenye blogu asiandike tena maisha yake yote. Mpambe hahukumiwi. Mpambe hana kujua.

Vitus alikuja kwa Osmunda mchana mmoja, bila hodi, kama mtani anavyoingia. Akafunua sufuria, akajipakulia, akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Marehemu amefufuka na njaa," alisema.

Osmunda alicheka. Ilimbidi acheke. Vitus alikula, akamsimulia jinsi alivyotoka kwenye ile nyumba ya wagombea akakuta watu wanamkimbia barabarani, mwanamke mmoja akamrushia ndoo ya maji akidhani ni mzimu. Alisimulia vizuri, na kijiko hakikupumzika. Ila alikuwa amekonda, na macho yake hayakuwa yakicheka pamoja na mdomo.

Halafu, akiwa bado anatafuna, akasema mama yake amenyoa nywele.

Osmunda aliuliza mama gani, kama mtu ana mama wengi. Vitus alimaanisha Bi Kokushubila, Mhaya wa Bukoba, nesi aliyeolewa Iringa na baba yake Vitus, na alipofiwa akarudi kwao. Hakuwa Mhehe, na utani huo hakuwahi kuuzoea. Kule Bukoba alifungua kioo chake asubuhi ya kura, akaisoma, na alipompigia mwanawe hakupata jibu, maana vioo vya wagombea vilikuwa vimefungiwa. Akapiga simu kwa ndugu wa mumewe. Nao, Wahehe, wamezoea, wakadhani naye anatania, wakamjibu kwa utani. Akanyoa nywele, akakaa chini na majirani, akamlilia mwanawe kutwa nzima mpaka vituo vilipofungwa na Vitus akapiga.

"Anakuja Ilungu," Vitus alisema. "Nimemweleza huu ni utani wetu. Anajaribu kuelewa."

Osmunda alitaka kusema samahani, lakini mtani haombi samahani kwa utani. Akiomba, amekiri kwamba haukuwa utani. Akabaki anamwangalia Vitus anavyokula chakula chake, na akaona kwamba mwenzake anakula kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi.

Vitus akamwambia asiogope jopo. Walioshitaki ni chama, si yeye. Ukoo wa Kiwope haujawahi kumpeleka mtani mbele ya hakimu, na hataanza yeye. Atasimama aseme ni utani, na kesi itakwisha. Wakili wa Osmunda aliposikia hivyo alifurahi sana. Akamwambia asilete maneno mengi, ajibu swali atakaloulizwa tu.

* * *

Jopo lilikaa ukumbi wa halmashauri, mchana, madirisha wazi. Jaji Ruhundwa, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliongoza. Alisikiliza wataalamu wakieleza Mpambe anavyofanya kazi, akawauliza kama chombo kinaweza kuambiwa kwamba kicheko ni sehemu ya maana, kisikatwe. Wakasema kinaweza, ila hakuna mwenye blogu anayeomba, kwa sababu wasomaji wanapungua. Jaji akaandika.

Vitus akaitwa. Alisimama ametabasamu. Alisema kwamba huyu mwanamke ni mtumwa wake, kwamba alimlilia akiwa hai kwa sababu Wangoni hawana subira, na kwamba yeye anasubiri zamu yake kwa hamu. Ukumbi ukacheka. Wahehe na Wangoni wakapigana mabega. Jaji naye akacheka kidogo. Mtweve, aliyekaa mbele na suti mpya, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Bi Kokushubila alikaa ukutani, kilemba kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Alipoona watu wanacheka, naye akajilazimisha. Alitabasamu kwa uangalifu, huku akimtazama jirani yake aone kama ametabasamu mahali panapotakiwa.

Osmunda aliuona huo uso. Angevumilia kutukanwa, angevumilia kupigwa, lakini mama yule kujifunza kucheka lile jambo, hapana, hilo lilimshinda. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, masikio yakawaka moto.

Jaji akamwita, akamwambia ni swali moja tu kwa ajili ya kumbukumbu. Tanzia ilikuwa utani?

"Nilipoiandika ilikuwa utani," Osmunda alisema.

Wakili wake akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kufunga faili.

"Asubuhi ya kura niliisoma kwenye kioo cha mtu mwingine. Haikuwa utani tena. Ilikuwa tanzia ya kweli, ya mtu aliye hai, na ina jina langu chini. Nilijua. Msichana aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akatoka kwenye foleni. Nikaenda nyumbani, Mpambe akaniuliza kama aiondoe, nikamwambia aache. Sikuogopa wala sikulipwa na mtu. Nilifurahi kuaminiwa."

Tabasamu la Vitus lilikuwa bado usoni, limesahauliwa hapo.

"Osmunda, usiseme hivyo," alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa anamsihi. Alijua, na yeye Osmunda alijua, na kila Mhehe na Mngoni aliyekaa humo alijua kinachovunjika. Kile Vitus alichokibeba kama utani siku zote hizo, akakitafuna, akakimeza na kukichekea mbele za watu, akivuliwa hilo jina la utani itambidi akione kilivyo.

"Nimeshasema," Osmunda alijibu.

Jaji Ruhundwa akaweka kalamu chini. Mtweve alikuwa amesimama anasema kitu kuhusu utaratibu, hakuna aliyemsikiliza. Osmunda alikuwa amedhani kwamba akishatoa maneno yale atapumua, atajisikia mwepesi kidogo. Hakujisikia mwepesi. Ilikuwa aibu ileile, tofauti ni kwamba sasa watu wote wanaiona.

Vitus alivuka ukumbi taratibu akaenda kwa mama yake. Alimshika mkono, akamwinua. Kisha akamgeukia Osmunda, na uso wake ulikuwa uso ambao Osmunda hakuwahi kuuona, hata kwenye msiba wa baba yake. Hasira yote iliyokatazwa ilikuwa imefika.

"Mama yangu amenililia kutwa nzima," alisema. "Na wewe ulijua niko hai."

Osmunda alifungua mdomo ajibu, maana tangu azaliwe hajawahi kukosa la kumjibu Mhehe, akakuta hana.